Mista K: Mwenye kigugumizi anayewasomea watoto Alexandria

Saa tatu na nusu asubuhi, Khalfan Mbwana anajikunja kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka sita. Magoti yake yanakaribia kifua. Mbele yake, juu ya zulia la buluu, wamekaa watoto wa darasa la kwanza, na nyuma yao dirishani maharage waliyopanda yanaota katika vikombe vya plastiki, kila kikombe na jina la mwenyewe.

Anafungua kitabu. Ni hadithi ya punda aliyekataa kuvuka daraja. Maneno mawili ya kwanza yanatoka salama. La tatu linagoma. Shingo inakaza, midomo inatetemeka, herufi ileile inajirudia na kujirudia.

Hakuna anayecheka. Hakuna anayemmalizia. Msichana aliyekaa mbele anajikuna goti huku akingoja. Kisha neno linatoka, na punda anaendelea na safari yake hadi darajani.

"Watoto wa umri huu hawana haraka," anasema Khalfan baadaye, akiokota penseli sakafuni. "Mtu mzima ukikwama anakumalizia neno, tena mara nyingi silo ulilotaka. Mtoto anataka kusikia wewe utasema nini."

Khalfan, mwenye umri wa miaka 38, ni mwalimu msaidizi katika shule moja ya msingi upande wa magharibi wa Alexandria, Virginia, nchini Marekani, kwenye maghorofa ya kupanga ambako asubuhi mabasi hujaa watu wanaokwenda kufanya kazi mahotelini na kwenye maegesho ya magari. Ni mzaliwa wa Tanga, mtaa wa Makorora. Ana kigugumizi tangu alipoanza kusema.

Alipoulizwa kama maneno yake yaandikwe jinsi yanavyotoka, alicheka hadi akashika mbavu. "Ukiandika yote, gazeti lenu litakosa nafasi ya mpira," alisema. Kwa hiyo hapa yameandikwa yakiwa yamenyooka. Msomaji ajue tu kwamba hayakunyooka hivyo, na kwamba mazungumzo yaliyopangwa kuwa mafupi yalikula alasiri nzima.

Shuleni Tanga, anakumbuka, kulikuwa na mwalimu aliyeamini kigugumizi ni uvivu wa ulimi. Alimsimamisha mbele ya darasa na kumwambia asikae mpaka sentensi iishe. Wenzake walicheka. Wengine walipiga meza kuhesabu alivyorudia.

"Nikajifunza kukwepa maneno," anasema. "Nikiwa dukani nataka mkate, nasema, nipe ule pale. Lakini mkate unaweza kuukwepa. Jina lako utalikwepaje? Jina langu ndilo lilikuwa halitoki kabisa."

Alimaliza kidato cha nne akapata kazi ya kutunza stoo katika kiwanda cha kamba za mkonge. Aliipenda. Kamba, anasema, haikuulizi jina.

Mwaka 1996 alishinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, akahamia Alexandria na mkewe, Mwatumu, na binti yao, Mwanaidi. Mwatumu alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Khalfan aliingia kwenye teksi. Nako hakukuwa na maneno mengi. Abiria anataja anakokwenda, dereva anaitikia kwa kichwa.

Kilichomtoa kwenye teksi ni machozi ya Mwanaidi. Alipoanza darasa la awali, mtoto huyo hakujua lugha nyingine ila Kiswahili, na kila asubuhi alilia mpaka akakosa pumzi. Shule ikaomba mzazi mmoja aje akae naye asubuhi chache. Mwatumu alikuwa kazini. Khalfan, ambaye angeweza kuanza zamu mchana, akaenda akakaa karibu na mlango.

Baada ya siku chache Mwanaidi alinyamaza. Baba yake aliendelea kuja.

"Mtoto alikuwa ameshanisahau," anasema huku akitabasamu. "Mimi ndiye ningelia kama wangeniambia niondoke."

Alifunga kamba za viatu. Alirekebisha viti vilivyolegea. Aliwashikia watoto mikono walipojifunza kukata karatasi kwa mkasi. Mwaka uliofuata nafasi ya msaidizi ilipopatikana darasa la kwanza, walimu wenyewe walimwambia aombe. Alipata. Mshahara ni zaidi kidogo ya dola tisa kwa saa, chini sana ya alichokuwa akiingiza kwenye teksi wiki ikiwa nzuri.

Rafiki yake, Elisante Mushi, bado anaendesha teksi na hafichi alivyoona wakati ule. "Tulimwambia, bwana wewe umechanganyikiwa," anasema Elisante. "Wenzako wanadraivu, wanasevu, wananunua nyumba kule Germantown, wewe unakwenda kupangusa watoto kamasi? Akatujibu kwamba watoto wanamsalimia wakimwona barabarani. Nikasema, basi, huyu tumeshampoteza."

Jina la Mista K alipewa siku ya kwanza. Watoto walimuuliza anaitwaje. Akajaribu. Ilitoka herufi ya kwanza peke yake, tena na tena. "Mista K!" akapaza sauti mvulana mmoja, Gitau, ambaye wazazi wake wanatoka Nakuru. Darasa zima likapokea. Khalfan hakuwasahihisha.

Kusoma kwa sauti hakukuwa sehemu ya kazi yake. Mwezi Oktoba mwalimu wa darasa, Bi Rosemary Tillman, aliugua mafua makali akapoteza sauti. Akamkabidhi Khalfan kitabu. Khalfan akatikisa kichwa. Bi Rosemary, ambaye hakuweza hata kubishana, akamwonyesha kwa kidole watoto waliokuwa wameshakaa.

"Nikakishika kitabu," anasema Khalfan. "Nikasoma. Nikakwama palepale nilipojua nitakwama. Nikainua macho nione nani anacheka. Wapi! Walikuwa wananiangalia mdomo, kama mtu anayengoja mkate utoke jikoni."

Ndipo alipogundua jambo ambalo anasema lilimpa usingizi mzuri usiku ule. Watoto wa darasa la kwanza ndio wanajifunza kusoma. Kila mmoja wao hugugumiza. Hushika herufi ya kwanza, huirudia, husimama, hujaribu tena, halafu neno huja. "Nikasema moyoni, kumbe hili ndilo darasa langu. Humu ndani wote tuna kigugumizi."

Gitau alikuwa na maelezo yake. Alimwambia mama yake kwamba maneno ya Mista K hukwama kwa sababu ni makubwa.

Tangu hapo alisoma karibu kila siku, na Bi Rosemary akampa kazi ya pili: kusoma habari za darasa kwenye kaseti.

Darasa hilo lina urafiki na shule ndogo ya msingi katika kijiji kimoja kaskazini mwa Uskoti, ambako watoto wa umri tofauti husoma chumba kimoja. Bi Rosemary na mwalimu wa huko, Bi Mhairi Sinclair, walikutana kwenye mafunzo ya walimu miaka miwili iliyopita wakakubaliana kwamba madarasa yao yatapeana habari kila mwezi. Walichagua kaseti kwa sababu watoto wengi bado hawawezi kusoma kurasa nzima, lakini kusikiliza wanaweza.

Hivyo watoto wa Alexandria wanajua kwamba Desemba, kijijini kwa wenzao, jua linazama kabla hawajafika nyumbani kutoka shule. Hawakuamini. Walibandika karatasi ukutani, wakawa wanaandika saa jua linapozama kwao na saa linapozama Uskoti, na kufikia Krismasi walikuwa wanawahurumia wenzao waziwazi. Wanajua pia kwamba huko watoto hupanga viazi vya mbegu kwenye trei za mayai dirishani mpaka vichipue. Wao wakapeleka habari za maharage, za safari ya treni ya chini ya ardhi, na za kipimamvua walichotengeneza kwa chupa ya soda.

Mwezi Januari mwaka huu wa 1999 ikaja dhoruba ya barafu. Mvua iliganda juu ya miti, matawi yakavunjika na kukata nyaya, umeme ukapotea katika maghorofa mengi. Watoto waliporudi shuleni kila mmoja alikuwa na la kusimulia. Kuna aliyelala na koti na viatu. Kuna aliyekula nafaka za pakiti na maziwa baridi asubuhi, mchana na jioni akaona ni sikukuu. Habari zikaandikwa, Khalfan akazisoma kwenye kinasa sauti, kaseti ikapelekwa posta.

Wiki hiyohiyo mzazi mmoja alikwenda kumwona mkuu wa shule. Binti yake alikuwa ameanza kurudiarudia maneno nyumbani. Akiulizwa kwa nini, anasema anasoma kama Mista K.

Mkuu wa shule, Bw. Elkanah Price, alimwita Khalfan ofisini, akamwomba aache kusoma kwa sauti mpaka mtaalamu wa usemi atakapokuja kutoa ushauri.

"Nilimwambia si adhabu," anasema Bw. Price. "Niliyasema maneno hayo na nilijua, nikimtazama, kwamba hayasaidii."

Khalfan hana kinyongo naye. "Mzazi amekuja na hofu ya mtoto wake, mkuu afanyeje? Lakini siku ile nilifika nyumbani, chakula hakikupita. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Nimemwambukiza mtoto wa watu."

Aliendelea kwenda kazini. Alikata karatasi, alimwagilia maharage, alifunga kamba za viatu. Wakati wa hadithi alikaa nyuma ya darasa. Watoto walimuuliza mbona hasomi. Aliwaambia koo lake linapumzika. Gitau alimletea pipi ya kikohozi.

Elisante alimpigia simu akamwambia teksi ipo, aseme tu. Khalfan hakukataa. Jioni moja alimweleza mkewe kwamba mwezi ukiisha anarudi barabarani.

Mwatumu ni mwanamke mfupi anayezungumza haraka, na anakumbuka vizuri alichomjibu. "Nilimkumbusha siku ya kwanza aliponisimamisha njiani, Tanga," anasema. "Alikuwa anataka kuniambia jambo, halitoki. Shoga yangu akataka kummalizia. Nikamwambia, hebu mwache, nataka kuyasikia yote. Nikamuuliza, ungekuwa umekimbia siku ile, leo mimi ningekuwa nani wako?"

Khalfan teksi hakuifuata.

Mtaalamu wa usemi alikuja katikati ya Februari. Alikaa na darasa, akazungumza na mzazi, akamsikiliza binti. Alichosema kilikuwa wazi: kigugumizi hakiambukizi. Watoto wa umri huo huigiza sauti za watu wanaowapenda, na huacha wenyewe. Bw. Price alimfuata Khalfan hadi darasani kumweleza kwamba anaweza kuanza tena siku hiyohiyo.

Khalfan alishukuru. Halafu akakataa.

"Ruhusa niliipata, sauti sikuipata," anasema. "Nilikuwa nimeshaanza tena kukwepa maneno. Hata kwa watoto. Nikitaka kusema penseli, naionyesha kwa kidole."

Bi Rosemary alijaribu kumbembeleza, akaacha. Kitabu alikiweka kila siku juu ya kile kiti kidogo, na kila siku akakisoma mwenyewe.

Mwanzoni mwa Machi kaseti ya Uskoti ikafika. Siku ya Ijumaa watoto walikaa kwenye zulia, Bi Rosemary akabonyeza kitufe. Zikaja habari za theluji iliyofunga barabara, na za mkulima aliyemleta mwanakondoo darasani, mwanakondoo akakojolea ramani ya dunia. Watoto wakaanguka kwa vicheko, wakaomba sehemu hiyo irudishwe.

Kisha ikasikika sauti ya Bi Mhairi. Alisema anaye mwanafunzi wa miaka minane aitwaye Struan, ambaye tangu aanze shule hajawahi kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Alipoisikia habari ya dhoruba ya barafu kutoka Alexandria, Struan aliomba irudiwe. Wenzake walipotoka kucheza, alichukua kinasa sauti akaenda nacho kwenye ukumbi wa kutundikia makoti, akakaa huko peke yake akisikiliza. Siku iliyofuata alimwuliza mwalimu wake kama yule bwana ni mwalimu wa kweli. Akaambiwa ndiyo. Akasema basi naye atasoma.

Kaseti ikanyamaza kidogo. Halafu mtoto akaanza kusoma.

Ilikuwa habari ya mwanakondoo, sentensi chache tu. Jina lake mwenyewe lilimshinda mara kadhaa. Kulikuwa na mahali ambapo Bi Rosemary alidhani mashine imeharibika, akanyoosha mkono, kisha sauti ikarudi na neno likatoka. Hakuna aliyecheka kule Uskoti, maana ingesikika. Na hakuna aliyecheka Alexandria.

Struan alipomaliza, Gitau aliinua mkono. "Huyo anasoma kama Mista K," alisema, kwa sauti ya mtu anayemsifu mchezaji wa mpira.

Khalfan alikuwa ameshatoka. Bi Rosemary anasema alimwona kupitia kioo cha mlango, amesimama kwenye korido, ameinamia bomba la maji ya kunywa lakini hanywi. Hakumfuata. Aliwapa watoto karatasi wachore mwanakondoo.

"Nilikuwa nafikiria yule mtoto kati ya makoti," anasema Khalfan. "Mimi wakati ule sikuwa na mtu wa kumsikiliza. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Halafu nikafikiri, kaseti ijayo akiisikiliza, asinisikie, ataelewa nini? Ataelewa kwamba wamenicheka nikanyamaza."

Alirudi darasani, macho mekundu, akamuuliza Bi Rosemary nani atamjibu Struan.

"Nilimwambia, sijui, unamfahamu mtu?" anasema Bi Rosemary.

Majibu yaliandikwa na darasa zima, na swali la kwanza lilikuwa kama ramani ya dunia imeshakauka. Khalfan aliyasoma yote. Alianza kwa jina lake kamili, si herufi moja. Watoto walisubiri. Bi Rosemary alikataa kuifuta kaseti na kuanza upya, ingawa Khalfan mwenyewe aliomba, kwa kuwa alikwama mno mwanzoni. Ikapelekwa posta kama ilivyo.

Mama aliyekwenda kulalamika alikubali kuzungumza kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Siku hizi hujitolea darasani Jumatano, kusaidia watoto kufunga vitabu wanavyotengeneza wenyewe. Hakuomba msamaha kwa kuogopa, wala hadhani anapaswa.

"Mtoto ni wangu. Nani mwingine angeogopa kwa niaba yangu?" anasema. "Lakini niliogopa kitu kisichokuwepo. Nilipokuja kukaa na kusikiliza, niliona binti yangu hasikii kigugumizi. Anasikia hadithi." Binti aliacha kurudia maneno mwezi Machi. Sasa anaigiza mbwa.

Mwanaidi, ambaye yuko darasa la jirani, naye ana maoni yake juu ya baba. Mwandishi alimuuliza kwa Kiswahili kama anajisikia vizuri kuwa na baba mwalimu. Alielewa kila neno, akajibu kwa Kiingereza kwamba ni sawa tu, isipokuwa baba hupenda kumsalimia mbele za watu.

Kuanzia Septemba Khalfan atasoma jioni katika chuo kilicho karibu, hatua ya kwanza kuelekea leseni ya ualimu. Akimaliza bila kuvunja mwendo atakuwa amevuka miaka arobaini. Sehemu ya mtihani ni kufundisha somo zima mbele ya wakaguzi. Anasema anaiogopa, na kwamba ataifanya. Siku atakayofanya mtihani huo anataka Mwatumu aombe ruhusa kazini, akae nyuma ya darasa.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo jingine. Mwishoni mwa Juni, kabla shule zote mbili hazijafungwa, madarasa haya mawili yatazungumza kwa simu yenye kipaza sauti kwa mara ya kwanza. Struan ameomba asome ukurasa mmoja, na Mista K asome unaofuata, wapokezane hadi hadithi iishe.

Kwa mwenye kigugumizi, Khalfan anaeleza, simu ni mtihani mkubwa kuliko jukwaa. Anayekusikiliza hakuoni mdomo, hajui kama umekwama au laini imekatika, na wengi hukata. Maisha yake yote amemwachia Mwatumu simu za nyumbani.

"Yule hatakata," anasema. "Na mimi sitakata."

Bw. Price amekubali shule ilipie simu hiyo ya kimataifa. Aliuliza tu itachukua muda gani, ili aweke kwenye ratiba.

"Nilimwambia, kwa sisi wawili," anasema Khalfan Mbwana, akisukuma kiti kidogo chini ya meza, "atenge asubuhi nzima."